Tuonekane Mapema: Mavazi na Vifaa vya Mwendesha Baiskeli

Matini ya mada iliyotolewa kwa waendesha baiskeli, wazazi, mafundi na wafanyabiashara mjini Tabora

  

Mkutano huu tuliomba uanze saa kumi na mbili jioni kwa makusudi. Tutakapomaliza, jua litakuwa limekwisha kuzama, na wengi wenu mtapanda baiskeli kurejea majumbani katika saa ile ile tunayokusudia kuizungumza. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, giza halibishi hodi. Jua likishatua, haipiti nusu saa kabla ya usiku kamili kuingia. Mtu aliyetoka sokoni akiwa na mwanga wa kutosha hujikuta njiani akiwa kivuli tu, ilhali yeye mwenyewe bado anaiona barabara na kudhani kwamba naye anaonekana.

Dhana hiyo ndiyo chanzo cha mada yetu, nasi tunaijua kwa karibu. Baba wa mmoja wetu tuliotayarisha maelezo haya alikuwa akipeleka maziwa mjini kwa baiskeli. Alitoka alfajiri akiwa na madumu mawili kwenye keria, amevaa koti jeusi la mitumba kwa ajili ya baridi. Gari dogo la mizigo lilimgonga kutoka nyuma. Alipona, lakini mguu haukurudi kama ulivyokuwa, na baiskeli hakuipanda tena. Dereva hakukimbia. Alimchukua akampeleka hospitali, na njia nzima alikuwa akirudia maneno mawili: "Mzee, sikukuona." Kwa miaka mingi familia iliyahesabu maneno hayo kuwa uongo wa mtu anayejitetea. Tulipoingia katika kazi hii na kujifunza namna jicho linavyofanya kazi usiku, ndipo tulipotambua kwamba huenda dereva yule alisema kweli. Koti lilikuwa jeusi, na kiakisi cha nyuma ya baiskeli kilikuwa kimefunikwa na madumu.

Tufanye hesabu fupi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo katika maeneo ya makazi, hupita takriban mita 14 kila sekunde. Dereva makini huhitaji kama sekunde moja na nusu kutambua jambo na kuufikisha mguu kwenye breki. Kufikia hapo gari limekwisha kula mita 21. Breki nzima kwenye lami kavu zitachukua mita nyingine 14 hivi. Jumla ni mita 35. Kwa kilomita 80 kwa saa jumla hiyo hukaribia mita 70. Sasa, mtu aliyevaa nguo za giza, akimulikwa na taa za gari zilizoinamishwa, kwa kawaida huonekana akiwa mita 25 hadi 30 tu. Linganisheni namba hizo. Dereva mwenye macho mazima, asiyelewa na asiyekimbiza gari, anaweza kumwona mtu huyo wakati ambapo kusimama hakuwezekani tena. Lakini mtu huyo huyo akivaa kiakisi cha kweli, ataonekana akiwa zaidi ya mita 100. Katika nchi ya Finland, ambako majira ya baridi huwa na giza refu, sheria inamwagiza hata mtembea kwa miguu avae kiakisi akiwa barabarani usiku.

Sasa tueleze vifaa vyenyewe, kwa kuwa sokoni majina huchanganywa na mnunuzi hulipia kitu asichokikusudia.

Kuna kitambaa cha rangi kali, yaani ile njano ya kijanikibichi au chungwa tunayoiona kwenye vizibao vya mafundi wa barabara. Rangi hiyo huchukua sehemu ya mwanga wa jua ambayo jicho halioni na kuigeuza kuwa mwanga unaoonekana. Ndiyo maana mchana, na hasa wakati wa mawingu na magharibi, huonekana kama inawaka. Lakini usiku, chini ya taa za gari, nguvu hiyo karibu yote hupotea. Kwa hiyo kizibao chenye rangi kali peke yake ni vazi la mchana.

Kuna pia utepe wa kuakisi, ambao kwa kawaida huwa wa rangi ya fedha au kijivu. Mchana haupendezi na haung'ai. Ndani yake mna punje ndogo mno za kioo, au vipembe vidogo vya plastiki, vinavyoupokea mwanga na kuurudisha kule kule ulikotoka. Dereva ameketi karibu na taa zake, basi mwanga humrudia yeye. Utepe huo ni kifaa cha usiku. Mchana haukusaidii, na usiku hauwaki wenyewe, hungoja kumulikwa.

Vazi lililokamilika huwa na vyote viwili. Kiwango cha kimataifa cha mavazi ya kazi ya kuonekana kwa mbali, ISO 20471, kinayagawa mavazi hayo katika madaraja matatu. Kizibao cha daraja la pili, kwa mfano, kinatakiwa kiwe na angalau nusu mita ya mraba ya kitambaa cha rangi kali, na mita za mraba 0.13 za utepe wa kuakisi. Upana wa utepe usipungue milimita 50. Nanyi mkiona kizibao chenye kamba ya kijivu nyembamba kama kidole, hamhitaji maabara kujua kwamba hakijafika.

Je, mavazi haya yanasaidia kweli, au ni biashara tu? Swali hilo ni la haki. Huko Denmark, katika miaka ya 2012 na 2013, waendesha baiskeli 6,793 waliojitolea waligawanywa kwa kura katika makundi mawili: kundi moja lilipewa jaketi ya njano kali, jingine likaendelea na mavazi yake ya kawaida. Kwa muda wa mwaka mmoja kila kundi liliripoti ajali zake. Waliovaa jaketi waliripoti ajali zenye majeraha kwa kiwango kilichokuwa chini kwa asilimia 47. Watafiti wenyewe wakagundua kwamba waliovaa jaketi walikuwa pia wakiripoti ajali chache za kuanguka wenyewe, jambo ambalo jaketi haiwezi kulizuia. Yaelekea kundi hilo halikuripoti kila kitu. Waliporekebisha hesabu kwa sababu hiyo, tofauti ikashuka hadi asilimia 38. Twaitaja namba hiyo ndogo kwa sababu ndiyo iliyopitia kwenye chujio, na kwa maoni yetu bado ni kubwa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni mahali pa kuvaa kiakisi. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alionyesha kwamba nukta chache za mwanga zikiwekwa kwenye viungo vya mtu gizani, mtazamaji huwatambua binadamu mara moja nukta hizo zinapoanza kutembea. Nukta zikitulia, haoni chochote cha maana. Baadaye watafiti wa Australia, akiwamo Joanne Wood, waliitumia elimu hiyo kwa waendesha baiskeli. Waliona kwamba viakisi vikiongezwa kwenye vifundo vya miguu na magoti, madereva huwatambua waendesha baiskeli vizuri zaidi kuliko kwa kizibao peke yake. Sababu yake ni nyepesi. Kizibao mgongoni kimetulia. Dereva huweza kudhani ni kibao cha barabarani au nguzo. Mguu unaokanyaga pedeli hupanda na kushuka, na hakuna nguzo inayofanya hivyo.

Kwa mwenye mzigo, nukta hii ina uzito wa pekee. Gunia la mkaa, madumu ya maziwa, tenga la kuku au abiria kwenye keria huufunika mgongo wote. Kizibao kizuri kabisa hakitasaidia kitu ikiwa nyuma yako kuna gunia. Miguu, hata hivyo, aghalabu hubaki wazi. Funga utepe wa kuakisi kwenye vifundo vyote viwili, kisha funga mwingine juu ya mzigo wenyewe, upande wa nyuma. Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyokosekana kwa yule mzee wa maziwa.

Tuje sasa kwenye vifaa vipya vya kutoa ishara. Sokoni na mitandaoni vimeingia vizibao vyenye mishale ya taa mgongoni, kofia zenye indiketa, glavu zenye mshale unaomulika ukikunja vidole, na bangili za taa za mkononi. Vingine huendeshwa kwa kitufe kinachofungwa kwenye usukani. Si vya kudharauliwa. Hapa kwetu tunaendesha upande wa kushoto, na mwendesha baiskeli anayekata kulia hulazimika kuvuka njia ya magari. Wakati huo dereva aliye nyuma yake anahitaji kujua nia yake mapema.

Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha, jiulize maswali manne.

La kwanza, je, dereva ataweza kutofautisha kushoto na kulia? Mgongo wa mtu una upana wa sentimita 40 hivi. Upana huo ukitazamwa kutoka mita 45 ni sawa na upana wa mwezi mpevu angani. Taa mbili zilizobanana ndani ya nafasi hiyo huonekana kama taa moja inayopepesa, na dereva hajui inaelekea wapi. Mkono ulionyooshwa hutoka nje ya umbo la mwili, na hauna utata.

La pili, je, kifaa kinastahimili mvua? Tazama alama inayoanza na herufi IP. IPX4 maana yake kinastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande. IPX7 maana yake kinaweza kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Kisicho na alama yoyote kichukulie kuwa ni cha kiangazi.

La tatu, chaji hudumu kwa muda gani, na utajuaje kwamba imekwisha? Taa iliyo mgongoni huioni wewe mwenyewe. Ikizimika katikati ya safari, utaendelea kubonyeza kitufe na kuamini kwamba umetoa ishara. Pia kuna kosa la kusahau kuizima: indiketa ya kulia inayowaka kilomita nzima humfundisha dereva kuipuuza.

La nne, kikiharibika, nani atakitengeneza? Huko Sweden kampuni ya Hövding ilibuni kola inayovaliwa shingoni, inayofumuka kuwa mfuko wa hewa kichwani pale mwendesha baiskeli anapoanguka. Ulikuwa ubunifu wa ajabu. Mwezi Desemba 2023 kampuni hiyo ilifilisika. Kifaa kinachotegemea betri, programu na muuzaji mmoja kina maisha marefu kama ya muuzaji huyo tu.

Kwa sababu hizo, ushauri wetu ni kwamba kifaa cha taa kiongeze ishara ya mkono, kisichukue nafasi yake. Nacho kifaa cha ishara tunachokipendekeza kwanza ni cha bei ndogo kuliko vyote: utepe wa kuakisi kwenye viwiko vya mikono yote miwili, juu ya mkono wa shati. Mkono wako wa kulia ukinyooka usiku ukiwa na utepe huo, taa za gari zitauonyesha. Bila utepe, ishara yako njema imetolewa gizani.

Kuhusu taa zinazovaliwa, kumbukeni kanuni moja: nyekundu hutazama nyuma, nyeupe hutazama mbele. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka baiskeli iwe na kiakisi chekundu nyuma na iweze kuonyesha mwanga mwekundu nyuma na mweupe au wa njano mbele. Mtu anayevaa taa nyekundu kifuani humwambia dereva anayekuja mbele yake kwamba wanakwenda uelekeo mmoja, na dereva atakosea kukadiria. Taa inayopepesa huvuta jicho. Taa iliyotulia humsaidia dereva kupima umbali. Ukiweza kuwa na zote mbili nyuma, ni vyema zaidi.

Akina mama na akina baba, hapa tunawaomba mtusikilize kwa makini. Taa nyingi ndogo za kubana kwenye nguo au kofia hutumia betri za mviringo mfano wa kifungo. Mtoto akiimeza betri hiyo, inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa chache. Nunua taa ambayo mfuniko wa betri yake umefungwa kwa skrubu, na betri zilizokwisha zisiachwe mezani wala kutupwa mahali mtoto anapochezea. Ukishuku kwamba mtoto amemeza, usingoje aonyeshe dalili. Mpeleke hospitali mara moja.

Neno fupi juu ya kofia ngumu. Kofia haimfanyi mtu aonekane. Kazi yake huanza baada ya kuanguka. Povu lake la ndani hupunguza kishindo kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi. Hivyo kofia iliyowahi kuanguka na mtu imemaliza kazi, hata kama haina ufa unaoonekana nje. Hiyo ndiyo sababu hatushauri kofia za mitumba: historia yake haijulikani. Tafuta maandishi EN 1078, kiwango cha Ulaya cha kofia za baiskeli, au lebo ya kiwango cha Marekani cha CPSC. Kofia ya ujenzi haikuundwa kwa ajili ya baiskeli. Kofia ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wake ufungwe. Usiitoboe ili kupachika taa.

Sasa, mnunuzi atajuaje sokoni kwamba kizibao ni cha kweli? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kwa bidhaa hii, mchana kibaya nacho hujiuza, maana rangi yake ni ile ile. Fanya hivi. Mwombe muuzaji akitundike mahali penye giza, nyuma ya duka au chini ya meza. Simama hatua kumi au zaidi kutoka hapo, washa tochi ya simu na uishike kando ya jicho lako, usiishike kiunoni. Utepe wa kweli utawaka mweupe mbele yako. Utepe wa kijivu uliopakwa tu utabaki wa kijivu. Tochi lazima ikae karibu na jicho kwa sababu ile tuliyoieleza: mwanga hurudi ulikotoka.

Kisha soma lebo ya ndani. Lebo nzuri hutaja mtengenezaji, ukubwa, namba ya kiwango, daraja, na namna ya kufua. Nyingine hutaja hata idadi ya mara ambazo vazi laweza kufuliwa. Namba ya kiwango iliyochapwa peke yake, bila jina la mtengenezaji, haina wa kuulizwa. Sugua utepe kwa kidole gumba. Vumbi la fedha likibaki kidoleni, rudisha. Nyumbani, fua kwa sabuni ya kawaida, usitumie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, usipige pasi juu ya utepe, na uanike kivulini. Rudia jaribio la tochi kila baada ya miezi michache. Vazi lililochakaa linadanganya kuliko kutokuwa na vazi, kwa kuwa aliyelivaa hujiona salama.

Wafanyabiashara, hatukuja kuwatisha. Tunajua kwamba wengi wenu hununua kwa jumla bila kuelezwa chochote. Ombi letu ni dogo: msikate lebo, mwulizeni aliyewaletea mzigo, fanyeni jaribio la tochi kabla ya kulipia, na mtoe risiti. Bidhaa ikiwa mbovu, risiti humlinda mnunuzi, nanyi huwapa ushahidi wa kumrudia aliyewauzia. Mnunuzi aliyeuziwa bidhaa bandia anaweza kufikisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, na kuhusu ubora, kwa Shirika la Viwango Tanzania.

Baadhi yenu mmetuuliza kabla ya mkutano: kwa nini mzigo wa kuonekana abebeshwe maskini mwenye baiskeli, badala ya dereva kupunguza mwendo? Tunakubaliana na uchungu ulio ndani ya swali hilo. Kuvaa kiakisi si kukiri kosa, na kutokuvaa hakumpi dereva ruhusa ya kumgonga mtu. Wajibu wa dereva uko pale pale, na barabara zenye njia za baiskeli ni haki ya kudai. Lakini barabara mpya itajengwa kwa miaka, na ninyi mnarudi nyumbani leo.

Kwa mwenye fedha kidogo, basi, mpangilio wetu ni huu. Anza na kiakisi chekundu cha nyuma kisichofunikwa na mzigo, na taa nyekundu ukiimudu. Fuatisha tepe za vifundo vya miguu. Kisha tepe za mikono kwa ajili ya ishara. Kisha kizibao kilichokamilika. Vifaa vyenye mishale ya umeme vije baada ya hivyo vyote. Kofia ngumu ina hesabu yake, na kama ni ya mmoja tu nyumbani, apewe mtoto.

Nje giza limekwisha kuingia. Karibu na mlango tumeweka meza yenye tochi, na taa za upande ule tumeomba zizimwe. Kila aliyekuja na kizibao, mkanda au taa apite hapo akakijaribu pamoja nasi kabla ya kuondoka. Visivyowaka, tutawaonyesha kwa nini.